Patasi Sizirudishi

Karakanani, Jumatatu asubuhi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, miwani ikiwa puani na si juu ya paji la uso huku nyumba nzima inaitafuta. Na mguu wa Shangazi unaendeleaje? Sisi huku hatujambo. Paka wako bado analala ndani ya sanduku la msasa, na bado hataki kuguswa na mtu mwingine.

Nakuandikia kwa sababu simu imetushinda. Kila nikifika kwenye neno stika, unakata. Barua huwezi kuikata, labda uichane, na ninavyokujua utaisoma kwanza.

Kaka alikuja juzi kuchukua patasi zako. Alisema umeamua karakana ifungwe, yeye aweke humu matairi yake ya kuuza, na mimi nitafute kazi ya kukaa kwenye kiti. Akasema ni maneno yako mwenyewe, kwamba mtu anayebandika stika kabla ya kupaka rangi si fundi, ni mbandikaji tu. Nilimkaribisha chai, akanywa, kisha nikamwambia atarudi mikono mitupu. Akadhani natania. Nikalikalia sanduku la patasi mpaka akachoka, akaenda zake. Usimlaumu, alijitahidi, ila mimi ni mzito kuliko alivyofikiri.

Najua unachocheka. Unakumbuka kibao changu cha kwanza, kile cha saluni, ambacho mwenye saluni alikikataa nawe ukakitundika ukutani ili kila mteja akione. Nilibandika stika kwenye ubao mkavu ambao haukupakwa kitu. Rangi ikapenya chini yake, ikafuata mistari ya mbao, herufi zote zikaota ndevu. Saluni ya wanawake, na jina lake lina ndevu! Ulicheka mpaka ukakaa chini. Mimi pia nilicheka, lakini iliniuma, na mpaka leo sijasahau. Kibao bado kipo ukutani. Sikukitoa, acha kinisimange.

Tangu siku ile ubao wangu hauoni gundi kabla haujapigwa msasa na kupakwa vanishi ikakauka kabisa. Ndipo nabandika stika juu ya ubao wote, naisugua kwa kitambaa mpaka mapovu ya hewa yaishe, nachora herufi, halafu nachonga. Nachonga, Baba! Patasi inaipasua stika na kuingia kwenye mbao kwa nguvu za mkono wangu huu, maana hakuna karatasi duniani iliyowahi kuchonga herufi. Nikimaliza, napaka rangi ndani ya michongo bila woga wa kuvuka, kisha nabandua ikiwa bado inanata kidogo, kwa sababu ukichelewa rangi inang'oka na stika. Wewe miaka yote ulitumia rula na uzi wa chaki. Mbona hukuwahi kujiita mpiga rula?

Mwezi uliopita nilipata kazi ya zahanati, neno MAABARA, lile ulilokuwa ukililaani. A nne, na kila moja ina kitumbo chake katikati, kijipembetatu kisichotakiwa kuguswa na rangi. Patasi ikiteleza kidogo tu, stika ya kitumbo inaruka. Ya A ya pili iliruka. Niliitafuta sakafuni kwa magoti, nikaikuta imenata mkiani mwa paka wako. Nikakata nyingine, nikabandika, nikaendelea. Ile R niliichonga kama unavyoichonga wewe, mguu mmoja mbele kama mtu anayeaga. Daktari alipokuja kuchukua kibao chake alipitisha kidole ndani ya herufi taratibu, akaniuliza kama Mzee amerudi kazini. Nikamjibu kwamba Mzee hayupo, nipo mimi.

Sasa nifike kwenye sababu ya kunikatia simu. Najua habari za mkono wako, Baba. Shangazi hakukusengenya. Aliniambia huku analia, kwamba kikombe unakishika kwa mikono miwili na chai bado inamwagika, na kwamba ulimwapisha asinieleze. Nilianza kuhisi hata kabla hujahamia kwake, ulipoacha kushika brashi ukawa kazi yako ni kukosoa yangu tu. Nilidhani unaichukia stika. Kumbe uliona kitu kisichohitaji mkono uliotulia, wakati wako umekataa kutulia. Nimekukasirikia, na sikufichi. Sikukasirikii kwa ajili ya mkono. Nimekasirika kwamba uliona ni heri karakana ijae matairi kuliko mimi nikuone unatetemeka.

Kwa hiyo patasi sizirudishi na karakana siifungi. Kaka atafute pengine pa kuweka matairi, na ukimtuma tena, sanduku nitalikalia tena.

Mezani pako kuna kibao kipya, cha kutundika juu ya mlango wetu. Nimekipiga msasa, nimekipaka vanishi, nimebandika na kuchonga. Kimeandikwa BABA NA BINTI, na vitumbo vyote vipo mahali pake. Rangi sijapaka. Hiyo ni kazi yako. Njoo ushike brashi, utetemeke utakavyo, uvuke mipaka, umwage, uipake stika yote ukitaka. Halafu tutabandua pamoja, uone herufi zako zilivyonyooka. Usipokuja, nitakitundika hivyo hivyo na stika yake, na atakayeuliza nitamwambia namsubiri mpaka rangi wangu.

Msalimie sana Shangazi, na usimgombeze, maana nami nitakugombeza. Paka wako anakusalimu kwa mkia wenye gundi. Mungu akulinde mpaka tuonane.

Ni mimi binti yako,
Mbandikaji.