Taulo la Mgongo wa Bibi

Jumatatu, 3 Machi

Nesi kaja asubuhi. Kamgeuza bibi, mke wangu, ubavu, akanionyesha mgongo. Ngozi imekuwa kama karatasi ya kufungia sigara. Amesema kuanzia leo hakuna kumsugua, ni kubonyeza tu polepole, tena kwa taulo laini linalonyonya maji. Ikichanika safari hii haitafunga.

Halafu akalinyanyua taulo letu kwa vidole viwili, kama mtu kaokota panya. Eti hili ndilo mnalotumia? Nikamwambia hapana, hilo la kusugulia masufuria, limepotea njia. Hakucheka. Binti yangu alicheka kidogo, kisha akaenda jikoni kufungulia bomba. Namjua huyo. Akitaka kulia hufungulia bomba.

Nimemwambia nesi asitie shaka. Nimekuwa dobi wa hoteli miaka thelathini na moja. Mataulo nayajua kuliko ninavyowajua wakwe zangu. Kesho naleta taulo.

Jumanne, 4 Machi

Aibu ya dobi! Nimefika dukani, nashika taulo hili, nashika lile — yote sawa. Vidole vimekufa ganzi. Dawa ya madoa na pasi ya moto vimevipika miaka yote hiyo, na mimi najifanya sijui. Ungenipa gunia ningesema hariri.

Basi nikatumia shavu. Taulo la kwanza, la pili, la tano. Mama muuzaji akaja taratibu, akaniuliza mzee wangu, unatafuta taulo au unatafuta mchumba? Nikamjibu mchumba ninaye, ndiye kanituma.

Nikachukua lile nene, zito, linang'aa. Shavuni laini kama tumbo la paka. Nikarudi nyumbani kifua mbele.

Halinyonyi! Maji yanakimbia juu yake kama juu ya jani. Kiwandani huwa wanayapaka kitu yateleze, yapendeze mkononi. Hilo nalijua tangu ujana, na bado nimeingia mkenge. Bibi kakaa na mgongo uliolowa, anatetemeka. Akasema, "Dobi, umeninunulia mwavuli."

Jina langu kwake ni hilo, Dobi. Tangu tuoane.

Alhamisi, 6 Machi

Nimelitia adabu taulo. Nimelichemsha na magadi sufuria kubwa, kama tulivyofanya hotelini, saa nzima. Nikalianika juani hadi alasiri. Nikadondosha tone la maji — limezama papo hapo! Nimemwambia binti mzee bado yumo. Yeye alikuwa anatoka kwenda kazini, akasema leo nimsubiri arudi tumwogeshe wote. Nikamwambia nenda, nimemwogesha huyu kabla wewe hujazaliwa.

Nimemwogesha mwenyewe.

Ijumaa, 7 Machi

Mgongo umechanika. Upana wa kifuniko cha chupa.

Taulo lilikuwa limekauka likawa kama mkeka. Hotelini tulikuwa na mashine ya kuyakausha, inayazungusha, yanatoka yamelainika. Hapa lilikuwepo jua tu. Na mimi nimelikunja kwa mikono yangu, sikusikia kitu. Shavuni sikulipeleka. Nilishajiona fundi.

Bibi hakupiga kelele. Alivuta pumzi tu, kama mtu aliyekanyaga maji ya baridi. Nikaendelea kubonyeza. Niliendelea!

Jumapili, 9 Machi

Nesi kasafisha kidonda. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alimwita binti ukumbini wakanong'ona. Wanadhani masikio nayo yamekufa kama vidole. Kasema kidonda hakitafunga tena, mwili hauna nguvu ya kukifunga, sasa ni kumpunguzia maumivu tu. Binti akauliza muda gani. Sikusikia jibu kwa sababu bomba lilifunguliwa.

Nimeingia kwa bibi, nimejifanya nimekuja kutafuta miwani. Akaniambia miwani iko puani. Kweli ilikuwepo.

Jumatano, 12 Machi

Nimenyoa ndevu zote, shavu lisidanganye. Nimebeba chupa ndogo ya maji mfukoni. Duka la pili, karibu na kituo. Nimemwomba mwenye duka ruhusa ya kudondosha tone moja kwenye kila taulo. Akadhani nina wazimu, akaruhusu akiangalia pembeni. Matatu ya kwanza, tone limekaa juu linaniangalia. La nne likanywa.

Si nene. Si zito sana. Pamba tupu, vitanzi vya uzi vimebanana, hata ukivuta havitoki. Pindo limeshonwa mara mbili. Nimelipeleka shavuni, nikaliacha hapo mpaka mwenye duka akakohoa.

Nyumbani nimelifua maji baridi, sabuni kiduchu. Nimelikung'uta mpaka bega likauma, nikalianika kivulini, nikalikung'uta tena. Binti kalipima shingoni mwake, akasema baba, hili lenyewe.

Nikampelekea bibi. Nikamwekea shavuni. Alifumba macho. Nilikuwa na mzaha wangu tayari, kwamba dobi kalipa faini. Akaniwahi.

"Zuri. Liweke kabatini."

Nikamuuliza kabatini kufanya nini, limekuja kufanya kazi.

"Watakaokuja kuniosha siku hiyo, wasikute matambara. Usilitumie kabla. Hata mara moja."

Nikamwambia siku hiyo tutakodi mataulo ya hoteli, nina vyeo kule. Hakucheka. Yeye! Amegeuza uso ukutani, na kugeuza uso ndiyo kazi iliyobaki anayoiweza mwenyewe.

Alhamisi, 13 Machi

Mgongo umelowa tena tangu alfajiri, kidonda kinatoa maji. Lazima aogeshwe. La zamani ni gumu. La mwavuli nimeshalifanya mkeka. Binti kajaribu shuka kuukuu, limeshika kidonda, bibi akamkwaruza mkono.

Nimelitoa kabatini. Ninalo mapajani. Lina harufu ya kivuli, ya nguo safi, harufu ya kazi yangu yote. Nikilitumia, ngozi itapata nafuu leo, na nitakuwa nimemnyima jambo moja aliloniomba. Nikilirudisha, nitakuwa nalisubiri lipate kazi ya siku hiyo. Mimi nasubiri!

Amesinzia, siwezi hata kumuuliza. Nikimwamsha nijue atasema nini? Nalijua atakalosema.

Binti kaleta beseni, kaliweka chini kando ya kitanda. Kaniuliza, "Baba, tunatumia lipi?"

Nimemwambia subiri kidogo, naandika. Kasimama mlangoni, mikono mitupu. Kaniuliza tena. Maji yanapoa.