Baraka za Hawe Pola

Dada Everlyne,

Tangu uniachie mwanao Kadii alfajiri, hata nzi mwenye mafua hajamsogelea. Isipokuwa mmoja, naye si nzi.

Maharagwe nimeyaepua kabla hayajaiva, yarudishe motoni. Gauni lake la njano nimeliloweka kwa sabuni. Usilinuse.

Saa tatu bibi yetu Hawe Pola aliingia kutoka Dabaso kumhatsa mtoto, kumpulizia maji ya baraka, ati asiende kupasuliwa moyo Jumatatu bila kubarikiwa. Sawa. Lakini anakohoa kama pikipiki inayokataa kuwaka, pua inachuruzika, na ugoro umejaa mdomoni. Akapiga funda la maji, akampulizia Kadii uso mzima: "Enda salama, urudi salama!" Maji ya kahawia, dada! Yenye vitu! Kimoja kiliganda kwenye nyusi. Nimemwosha mara tatu.

Daktari alisema Kadii akipata kikohozi tu, upasuaji unaahirishwa. Kwa hiyo nampeleka zahanati muuguzi amtazame. Dawa ya asubuhi ameshakunywa.

~~Usimwambie Mama.~~ Mwambie, huyo Hawe ni mamake, amkanye. Tena muulize ni nani aliyemwalika na makamasi yake.

Naandika huku nasoma kwa sauti, na Kadii amesimama mlangoni, viatu mkononi. Anasema, "Mjomba, andika ni wewe. Jana ulimpigia simu ukilia, ukamwambia aje anihatse nisife."

Mdogo wako,
Mjomba Mangi