Paskalina, Mistari Umeipatia

Mwanangu Paskalina,

Umekula? Nimeanza na hilo ujue kweli ni mimi.

Tangu ulipopiga simu sijatulia kwa furaha. Unakumbuka tulivyokuwa tunakaa mnadani Karatu, vumbi jekundu mpaka puani, tumemwaga gunia la soksi za mitumba kwenye turubai? Mimi nilikuwa naunganisha jozi kwa urefu, haraka haraka. Wewe, katoto ka darasa la pili, unaninyang'anya: "Mama, hizi si ndugu! Angalia mistari." Unazilaza pamoja, mstari mnene kwa mnene, mwembamba kwa mwembamba, iliyopinduka unaigeuza. Nakugombeza, wateja wanapita!

Halafu mwaka huu ukanipigia unalia. Umefeli mtihani wa maabara, na ukifeli tena unarudishwa nyumbani, kijijini kwetu Daa. Wamekupa picha ya kromosomu, vile vijiti vidogo vya mwilini vinavyobeba urithi wetu, uvipange viwili viwili, kimoja cha mama, kimoja cha baba. Na wewe unaviona vyote sawa. Mwanangu, mimi niliyeishia darasa la nne ningekuambia nini? Nikauliza kama umekula. Simu ilipokatika nikalia jikoni mpaka ugali ukaungua.

Kumbe mikono yako haijasahau. Uliporudia mtihani ukanipigia tena: "Mama, niliacha kuangalia urefu. Nikaangalia mistari, kama soksi." Umefaulu!

Picha ya vijiti ulivyopanga, uliyonitumia, naitembeza kila mahali. Jana mnadani Mama Boay, yule wa vitunguu, aliikodolea macho weee, akasema, "Sasa mama, mtoto kasoma miaka yote hiyo, kumbe anapanga soksi?"

"Ndiyo! Na hizi nazo mtumba! Kila mtu kapewa na mama yake na baba yake. Hata wewe hapo ulipo, Mama Boay, mtumba mtupu!"

Tulicheka mpaka vitunguu vikamwagika.

Ila nilipofika nyumbani nikawaza. Baba yako tulimzika hujaanza hata shule. Kumbe mliingia naye chumba cha mtihani. Na mimi nilikuwemo, na woga wangu wote. Basi tumefaulu watatu.

Nakutumia soksi za sufu. Najua Dar ni joto, zivae hivyo hivyo. Mistari nimeikagua mwenyewe.

Ni mimi mama yako,
bado nipo kwenye turubai letu.