Gauni la Pili

Alhamisi, 3 Julai
Nimefua tangu asubuhi. Maji baridi, vidole vimekufa ganzi. Magauni mawili ya kitenge kimoja, la Mbuyi na la Kabanga. La Kabanga halijavaliwa tangu Pasaka, malaria ilipomchukua, lakini linafuliwa. Ndivyo wanavyotaka kwao mume wangu, watu wa Kasai. Mapacha hupewa sawa, aliyepo na asiyekuwepo. Mezani sahani mbili. Na hatusemi amekufa. Pacha hafi, ameenda kutafuta chumvi.

Kulia marufuku. Machozi ya mama humvuta yule aliyebaki amfuate mwenzake. Tangu Pasaka sijalia hata mara moja. Nimechoka kuwa jasiri.

Ijumaa, 4 Julai
Mume wangu amesema Jumapili tutaenda ziwa Tshangalele, kwenye maji ya moto ya chumvi. Siku hizi pana bwawa, vibanda vya nyasi, viti vya kulalia. Eti nimekonda, nipumzike. Nimekasirika. Mtu hapumziki kwa kuamriwa. Kisha nikafunga mfuko wa nguo, magauni yote mawili ndani, hata kabla ya kula.

Kaku, mama mkwe wangu, hataki safari hii. "Mwambuyi," akaniambia, maana mama wa mapacha haitwi tena jina lake, "usimupeleke mutoto kule. Kule kuko chumvi mingi." Nilicheka. Sasa hivi sicheki.

Jumapili, 6 Julai
Ni usiku, naandika.

Siku ilianza vizuri. Mvuke juu ya bwawa, ziwa limetulia nyuma yake. Maji yale yanakubeba yenyewe. Mume wangu alielea kama gogo, tumbo juu, hana habari. Tulikula bukari, ugali wetu, na samaki wa kukaanga. Nilipumzika, kweli nilipumzika, na ubaya ulianzia hapo. Maji usoni, chumvi midomoni. Nikaona hapa hakuna atakayejua. Nikalia. Nilimlilia Kabanga wangu mpaka kifua kikauma.

Mbuyi alikuwa anacheza ukingoni, akiongea na mahali patupu kando yake, kama kawaida yake. Akaniita. "Mama, Kabanga iko naniita."

Nilipogeuka hayupo. Nywele tu, chini ya maji. Baba yake alimvuta kwa mkono. Akakohoa, akatapika maji. Hakulia.

Njiani homa ikampanda. Ni mimi. Nimelia, na mtoto ameitwa.

Jumatatu, 7 Julai
Homa. Dispensari wamempima: si malaria. Dawa wametoa, jina la ugonjwa hawana.

Kaku alinitazama sana. "Ulilia?" Nikasema hapana, ni maji ya bwawa yameniwasha macho. Nimemdanganya mama mkwe mbele ya mtoto mgonjwa. Namchukia kwa kuuliza. Najichukia zaidi.

Jumanne, 8 Julai
Hajala. Anatabasamu na ukuta. Naogopa.

Jumatano, 9 Julai
Asubuhi homa imeshuka. Nimemshika paji la uso mara nyingi, siamini.

Kisha nikafungua mfuko wa safari, ulikuwa bado pale mlangoni. Gauni la Mbuyi juu, limejaa matope. La Kabanga chini kabisa, ndani ya plastiki niliyoifunga fundo mwenyewe. Kule ziwani sikuligusa. Fundo lilikuwa vilevile. Ndani, gauni limekauka gumu, jeupe shingoni na kwapani. Nimelamba ukosi. Chumvi.

Nikakaa kwenye ngazi ya nyuma, nikalia kwa sauti. Majirani wasikie wakitaka. Kaku akatoka, akaliona gauni magotini mwangu. Nilingoja anikaripie. Akaketi kando yangu, akashika pindo la gauni, akaweka kidole mdomoni. Naye akalia.

Mchana nimepika bukari. Nikaweka sahani mbili. Mbuyi amekuja mezani mwenyewe, bado mnyonge.

"Mama, weka moja tu. Kabanga alisha kuenda."

Nimeirudisha ya pili kabatini. Amekula akamaliza, akaomba samaki tena. Gauni sijalifua.