Fomu ya Kunyamaza

Ugalla, Jumapili

Mwanangu Leticia,

Mikono yangu imejaa utomvu wa tumbaku, usishangae karatasi kuchafuka. Mama yako huko Mwese hajambo.

Fomu ya chuo nimeipata. Wanataka nisaini kwamba hutauliza tena mkutanoni habari ya maji machafu ya bwenini, la sivyo Ijumaa wanakufukuza. Nawe unaandika, “Baba, saini tu. Siku hizi hata darasani sauti inatetemeka.”

Naogopa, mwanangu. Lakini nakumbuka ulipokuwa na miaka saba, ulimwambia mnunuzi mbele ya watu, “Mbona tumbaku yetu umeishusha daraja?” Wazee tulitazama chini. Mimi nilikufinya mpaka ukanyamaza.

Fomu nairudisha bila saini. Sauti ikitetemeka, uliza hivyohivyo. Sikufinyi mara ya pili.

Baba yako,
Baltazari