Kukatakata Maini na Mutoto Wako

Mama Ester,

Daniel alipiga simu, na nikaipokea. Tangu tukuzike nilikuwa sijamujibu hata mara moja. Alikuwa anapiga kutoka Ubelgiji kila Ijumaa, nami naiacha simu ilie juu ya meza mpaka inyamaze. Mama anazikwa, mutoto wake wa pekee haji. Ndivyo nilivyokuwa nafikiri.

Habari za hapa ni hizi. Waasi wameingia tena. Kambi ya jeshi ya Katindo ilibaki tupu, milango wazi. Kesho yake umeme ukakatika, na muuza kuku, kwa kuogopa vitu vyake vioze kwenye frigo, akawa anatoa maini karibu bure. Nikachukua kilo mbili. Sikuwa nakuwaza wewe, nisiseme uongo. Niliwaza familia moja ya Masisi iliyokimbilia kwangu hapa Katoyi. Wanalala katika chumba chako, kile nilichokupa volkano ilipomeza nyumba yako, mimi niliyekuwa mupishi wako.

Nikawasha mbabula ya makaa, nikapanga maini juu ya wavu. Moto kwanza, damu itoke yote. Hapo hatukubishana hata siku moja: kwetu Waislamu damu hailiwi, kwenu Wayahudi vilevile. Tulibishana juu ya vitunguu. "Bado, Mwamini, bado vyeupe," ulikuwa unasema, na mimi naona vinaungua.

Vitunguu vilikuwa kwenye mafuta ya kuku simu ilipolia. Sikuangalia jina. Nilidhani ni binti yangu, aliyevukia Uganda kwa njia ya Bunagana.

Kumbe Daniel. Hakuuliza habari za vita. Alisema, kwa Kiswahili chake cha utotoni, "Mama Mwamini, nisaidie. Maman alikuwa anatia mayai mangapi?"

Nilitaka kukata. Kinywa kikajibu chenyewe: "Maini yako ni kiasi gani?"

Basi tukapika, yeye kule, mimi huku. Mayai ya kuchemsha, vitunguu, chumvi, pilipili manga. Akaonja.

"Si ya Maman."

"Ulisaga na mashine?"

"Ndiyo."

"Weka pembeni. Yaliyobaki kata na kisu mpaka mukono uchoke."

Nikasikia kisu chake kwenye ubao, muda murefu. Akaonja tena, na safari hii akalia, mutu muzima mwenye mvi. Halafu akaniambia. Siku tulipokuzika alikuwa Gisenyi, ng'ambo tu ya mupaka. Mupaka ulifungwa, akakaa pale siku tatu, anaona moshi wa muji wetu, haruhusiwi kupita. Ndicho alichokuwa anataka kuniambia Ijumaa zote zile.

Mama, karibu vile. Mwendo wa muguu tu.

Nikamuuliza kama chumvi imetosha.

Watu wa Masisi walikula na mukate, wakapangusa sahani. Mama yao, ambaye tangu afike hakuwa amesema neno, aliuliza kama kuna ingine.

Mupaka bado umefungwa. Ukifunguliwa Daniel atakuja, na nitaenda kumupokea mimi mwenyewe, nimulete mpaka kaburini. Nilikuwa nimekuandalia maneno makali juu yake. Nimeyaacha. Yake atakuambia mwenyewe, nami nitasimama mbali, kwenye lango, nisisikie.

Lala salama, mama. Sisi tuko.

Mwamini