Kwa Nini Bibi Harusi Huchelewa

Jumapili, 4 Machi 2012

Saa moja na nusu niko mezani. Chai ya karak imeshapoa. Ripoti za adhuhuri za wikendi, zile meli hututumia kila siku, nimeziingiza zote kwenye kompyuta, meli saba, manahodha saba, kila mmoja na visingizio vyake.

Dizon amejibu barua yangu ya safari iliyopita. Ukungu, anasema. Safari ya kabla yake ulikuwa mkondo wa maji. Huyu ni nahodha wa Bibi Harusi, meli yetu ya kupeleka gesi Marekani. Ina jina lake rasmi, refu, la heshima, lakini hili la Bibi Harusi nilimpa mimi, kwa sababu kila mtu humngoja na yeye hana habari. Sasa ofisi nzima inamwita hivyo, hata wasiojua Kiswahili. Miaka minne namwandikia Dizon "toa maelezo ya kuchelewa". Mvivu asiye na haya.

Barua yangu ya kuomba kuachiliwa bado iko kwenye droo ya Shafi, mkuu wangu wa kazi. Wiki ya tatu hii. Bila sahihi yake kwamba ananiachilia, siwezi kuhamia kazi nyingine nchi hii ya Waarabu, na kampuni ya pili inanitaka mwisho wa mwezi. Nikimuuliza, ni kesho tu, tena kwa Kiarabu: bukra, Wakesho, bukra. Mmombasa, mpwani mwenzangu huyo. Bahari aliiacha zamani ila cheo cha Kapteni hajakubali kukiacha. Simpendi.

Jumatatu, 5 Machi

Leo nimefuta nyangumi.

Ndiyo kazi yenyewe. Meli ikikaribia pwani ile ya Marekani, lazima itoe taarifa kwamba inaingia eneo la nyangumi. Mabwana zetu wenye meli hawataki meli ilipie setilaiti kwa mambo ya samaki, kwa hiyo natuma mimi, ghorofa ya ishirini na mbili, West Bay, kwa jina la meli. Jibu linanirudia mimi. Orodha ya mahali walipoonekana. Nafuta. Shafi aliniagiza hivyo wiki yangu ya kwanza. Palipo na sheria ya mwendo mdogo, nahodha anapajua. Kwingine Wamarekani wanaomba tu meli ipunguze mwendo, wanyama wakionekana. "Ombi si amri," anasema Shafi, na kujichekea mwenyewe.

Sina uchungu nao. Wamebaki mia chache, weusi, wazito, wanaogelea kama watu waliotoka kula pilau. Zamani waliwindwa kwa sababu hawakimbii na wakifa wanaelea. Siku hizi hawawindwi, wanagongwa tu, au wananasa kwenye kamba za wavuvi. Mnyama anayeshindwa kuipisha meli ndefu kama viwanja vitatu vya mpira, nimsaidieje mimi?

Jumatano, 7 Machi

Shafi ameniita. Mnunuzi wa gesi amechoka kungoja. Ijumaa, maji yakijaa, Bibi Harusi awe ameingia gatini. Akikosa hayo maji, siku nzima imekwenda.

Halafu akatoa barua yangu kwenye droo, akaiweka mezani, akafungua kalamu. Akaifunga. Bibi Harusi akifika kwa wakati, Jumapili anasaini.

Mtu mzima, na ndevu zake, anacheza na kalamu kama mtoto na peremende. Nilimchukia. Nikasema ahsante, Kapteni. Nikatoka nimefurahi, na furaha hiyo nayo nikaichukia.

Alhamisi, 8 Machi

Orodha ya Bibi Harusi imekuja mapema. Mama na mtoto. Nimechora kwa penseli kwenye ramani, sijui kwa nini, sijawahi kuchora. Wako katikati ya njia yake, nje kidogo ya eneo la sheria.

Nikampelekea Shafi. Akatazama ramani, akajua vizuri anachotazama, baharia yule. Akasema futa.

Sikufuta. Nilichapisha karatasi nikaitia mkobani, nikarudi nyumbani Fereej Bin Mahmoud. Gakii, ninayekaa naye, akaiona alipokuwa akitafuta kiberiti. Ni nesi wa wodi ya wazazi, Mmeru, kila kitu kwake ni mtoto. Nikamweleza huku nikicheka. Yeye hakucheka. Akauliza, "Kwa hivyo saa hii ni wewe na huyo Shafi tu kwa hii kampuni mnajua wako wapi?"

Nikamwambia aangalie ugali wake. Lakini sikula.

Ijumaa, 9 Machi

Kanisani Mesaimeer na Gakii, huku ibada ni Ijumaa, siku ya mapumziko. Mahubiri sikusikia. Mbele yangu mama mmoja alikuwa anambembeleza mtoto kwa kishada cha funguo, mtoto ananyamaza, anaanza tena kulia. Nikajikasirikia kwa kulainika. Eti kwa ajili ya samaki. Gakii alishanisahihisha, si samaki, ananyonyesha. Nikamwambia basi ampelekee kadi ya kliniki.

Nikaondoka kabla ya sadaka. Teksi mpaka West Bay. Mlinzi wa mlangoni, Mganda, akashangaa, "Madam, leo si Ijumaa?" Nikamwambia nimesahau chaja.

Saa saba na dakika tano nilimtumia Dizon orodha. Mahali, mama mmoja, mtoto mmoja. Jina langu chini. Kila barua ya meli nakala yake inakwenda kwa Shafi yenyewe tu, nalijua hilo. Basi kwaheri barua. Sikulia. Nilikula shawarma nimesimama njiani na sikujua ina kuku au nyama.

Jumapili, 11 Machi

Nilimkuta Shafi amesimama kwenye meza yangu. Bibi Harusi alikosa maji. Aliingia gatini siku ya pili. Barua yangu hakuichana. Aliirudisha kwenye droo mbele ya macho yangu, akageuza ufunguo. Hayo niliyategemea, na nilikuwa nimejiandaa kumtazama kwa dharau mpaka aone haya.

Nisilolitegemea ni jibu la Dizon. Mjinga yule ameandika kunishukuru.

Nalinakili hapa, kwa sababu kule kwenye kompyuta halitakaa. "Ahsante, Bi Wakesho. Miaka minne nimekuwa nikipunguza mwendo pale bila kujua wako wapi, kwa hiyo hupunguza kote. Leo nilijua. Tuliwaona asubuhi, kushoto, karibu sana. Mtoto alikuwa juu ya mgongo wa mama yake. Tulisimamisha mashine mpaka wakapita."

Kwa hiyo hakukuwa na ukungu. Hakukuwa na mkondo. Alikuwa anatambaa njia yote kama anayetafuta sindano gizani, halafu anakaa kutunga uongo wa kunijibu mimi. Na laiti ningempelekea orodha tangu mwanzo, angepunguza mahali padogo tu na kufika mapema. Aliyemchelewesha Bibi Harusi miaka yote hiyo ni mimi na kidole changu cha kufutia. Na mvivu nikamwita yeye.

Nakala ya jibu lake, bila shaka, ilikwenda kwa Shafi. Amelisoma mara mbili, ya pili kwa sauti. Neno moja tu sikumwandikia Dizon. Usijibu. Lingenigharimu nini?

Jumanne, 13 Machi

Amri imetoka, Dizon ateremshwe melini huko huko aliko. Mwingine anapandishwa ndege leo kwenda kushika nafasi yake.

Barua ya kumteremsha nimeichapa mimi. Shafi alisimama nyuma yangu akisoma. "Udanganyifu katika ripoti." Kila neno nililichapa sawasawa, hata nukta sikukosea. Nilitaka kukataa. Nilifikiria iqama, kibali changu cha kukaa huku, kodi ya nyumba, mama yangu Voi. Nikachapa. Shafi ni mtu duni, nimeliandika hilo humu mara nyingi. Leo sina nguvu ya kumwandika yeye.

Alhamisi, 15 Machi

Ile kampuni ya pili imepata mtu. Wamenitakia kila la heri.

Gakii ameninunulia karak, akaniambia, "Lakini dada, wale wawili si walipita?" Nikamfokea. Akaniachia kikombe na samosa mbili akaenda zamu. Nilizila zote mbili.

Jumapili, 29 Aprili

Upepo na vumbi tangu jana. Nimefunika kibodi kwa gazeti.

Majibu ya nyangumi siku hizi yanakwenda kwa Shafi moja kwa moja. Nahodha mpya wa Bibi Harusi ni mtu wa maneno machache, hajanipa sababu ya kumwandikia chochote. Mwanzo wa wiki iliyopita Dizon aliniandikia kutoka kwao. Anafuga kuku, anauliza kama bado wanaonekana. Sijamjibu.

Jana Bibi Harusi alifika kwa wakati. Mara ya kwanza tangu nianze kazi hapa. Nje ya eneo la sheria alipita kote kwa mwendo wake kamili, akaingia gatini maji hayajajaa bado. Shafi amenunua keki, nimekata mimi, watu kumi na wawili. Mtu akaniambia sasa itabidi tuitafutie meli jina jingine.

Baadaye nikaingiza ripoti yake ya adhuhuri. Mahali, upepo, mwendo, mafuta. Safu ya mwisho ni ya waliyoyaona njiani. Nahodha ameandika, hakuna. Nimeingiza hivyo hivyo.